Wote Wamefika

Kila Ijumaa usiku, baada ya sala ya Isha na baada ya vyombo vya chakula kuondolewa, mzee mmoja mstaafu wa mjini Maskati huingia katika chumba cha nyuma cha nyumba yake, hufunga mlango, na hupanda ndege ya kivita. Ndege hiyo haina mbawa wala injini. Ina kiti cha ofisi kilichochanika ngozi, kijiti cha kuongozea kilichokazwa kwa skrubu kwenye ubao wa meza, na kioo kimoja kipana ambamo Rasi ya Musandam huonekana takriban kama ilivyo: majabali ya rangi ya majivu, yasiyo na mti, yakishuka moja kwa moja ndani ya maji. Saa hiyohiyo, mjini Manchester, ambako wakati wa baridi saa huwa nne nyuma ya Maskati, kitinda mimba wake huwa amerudi kutoka chuoni na ameketi mbele ya kioo cha kwake. Mzee huvaa hedifoni. Husikia, "Shikamoo Baba." Naye hujibu, "Marahaba, mwanangu. Mafuta yako kiasi gani?"

Wasioijua shughuli hii huiita mchezo, na si kosa lao, maana huuzwa pamoja na michezo mingine. Lakini simuleta, yaani programu ya kuigiza urushaji wa ndege, haimpi mtu raha kwa wepesi. Katika simuleta za kivita za aina hii kila swichi ya chumba cha rubani ina kazi yake; injini haiwaki mpaka hatua zilizotangulia zikamilike kwa mpango wake; na kitabu cha maelezo ya ndege moja tu huwa na mamia ya kurasa. Mzee huyu aliondoka Unguja akiwa kijana katika miaka ya 1970, akahudumia kwa miaka 31 pampu za mtambo wa kugeuza maji ya bahari kuwa maji ya kunywa. Aliipenda simuleta kwa sababu hiyo khasa. Aliona ndani yake kitu alichokizoea: chombo kisichojali cheo wala umri wa mtu, kinachotaka jambo lifanywe kwa utaratibu wake, na kinachomlipa kila mtu kwa kadiri ya uangalifu wake.

Kulikuwa na sababu ya pili, ambayo mzee hakuwahi kuitamka. Baba na mwana hawa hawakuwa watu wa maneno mengi. Walipokuwa wakikabiliana sebuleni, mazungumzo yao yaliishia katika afya, masomo na hali ya hewa. Lakini wakiruka ubavu kwa ubavu, kila mmoja akitazama mbele, maneno yaliwatoka. Ni juu ya maji hayo ya kuigizwa ndipo kijana aliposema kwamba mwaka wake wa kwanza wa chuo alikuwa mpweke mno. Ni hapo pia mzee alipoeleza, kwa mara ya kwanza, jinsi alivyolia melini siku aliyouacha mji wake. Kisha mmoja wao akauliza urefu wa anga, na mwingine akaujibu, na safari ikaendelea.

Simuleta nyingi za namna hii huja na kihariri cha misheni. Hicho ni chumba cha nyuma cha mchezo, ambamo mchezaji huacha kuwa rubani akawa mpangaji wa dunia. Hupewa ramani tupu. Huweka meli hapa na kambi pale. Huchora njia ya kila chombo, saa ya kuondoka na mwendo wake. Kisha huandika vifyatuo, na hapo ndipo penye kazi. Kifyatuo ni sentensi yenye sehemu mbili, sharti na tendo: jambo fulani likiwa, basi jambo fulani litendeke. Ndege ikivuka mstari huu, rada ile iwake. Dakika kumi zikipita, helikopta iruke. Maneno yenyewe hayaandikwi kwa kalamu. Huchaguliwa kutoka katika orodha. Lakini ni sentensi, na aliyezichagua ndiye mwandishi wake.

Mwezi wa Januari mwaka 2020 mzee alikuwa amemaliza misheni iliyomchukua majuma matatu. Msafara wa meli za mafuta ulitoka ndani ya Ghuba kupitia mlango wa bahari wa Hormuz. Kaskazini ya Musandam mzee alichora duara lenye nusu kipenyo cha mita 500, juu ya njia ya meli. Msafara ukifika katika duara hilo, boti sita za mwendo wa kasi zilipaswa kuchomoka nyuma ya kisiwa na kuushambulia, na marubani wawili, baba na mwana, walipaswa kuulinda. Mzee aliijaribu misheni peke yake siku ya Jumanne. Boti zikatoka kama alivyopanga. Alilala na furaha ya mtu aliyemaliza kujenga chombo na kukiona kikielea.

Ijumaa ilipofika, baba na mwana waliruka juu ya msafara huo kwa saa moja na dakika 20. Meli zilipita penye duara. Zikalivuka. Zikaendelea kuelekea bahari ya Omani kwa utulivu wa meli za amani. Hakuna boti hata moja iliyotoka. Mzee alizunguka kisiwa, akaziona boti zake zote sita zimetulia kimya nyuma ya jabali, kama zilivyowekwa. Mafuta yakapungua, jua la mchezo likazama, na wote wawili wakatua Khasab gizani bila kufyatua risasi hata moja.

Kwa kuwa intaneti ya Manchester ina kasi zaidi, ni kompyuta ya kijana iliyokuwa mwenyeji wa misheni, na faili lilikuwa kwake tangu Alhamisi. Mzee akauliza, "Umeligusa faili?" Kijana akajibu, "Sijaligusa, Baba." Mzee akasema, "Mimi nililijaribu Jumanne likafanya kazi. Baada ya hapo sikugusa kitu. Basi kama si wewe ni nani?" Pakawa na ukimya ambao haukuwa wa mitambo. Kisha kijana akasema, "Usiku mwema, Baba," na taa yake ikazimika katika orodha ya waliopo. Ijumaa iliyofuata aliandika kwamba ana mtihani.

Katika Kiingereza, kasoro ya namna hii huitwa kwa jina la mdudu. Thomas Edison alilitumia neno hilo katika barua ya mwaka 1878, akiwa na maana ya matatizo madogo yanayojitokeza baada ya wazo kubuniwa na kabla halijafanikiwa. Tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa kompyuta ya Mark II ya Chuo Kikuu cha Harvard walimkuta nondo halisi amekwama katika swichi ya mtambo wao. Walimbandika kwa utepe katika daftari la kazi, wakaandika pembeni kwa mzaha kwamba hiki ndicho kisa cha kwanza cha mdudu kuonekana kwa macho. Daftari hilo, pamoja na nondo wake, limehifadhiwa mpaka leo katika makumbusho ya taifa ya historia mjini Washington.

Neno hilo limeingia katika mazungumzo ya mafundi wetu pia. Linafaa, lakini lina udanganyifu wake. Mdudu hutoka nje. Huingia nafakani usiku, hupekecha, na mwenye ghala hana lawama ila ya kutofunika. Lugha yetu ina maneno mengine yaliyo makali zaidi. Hitilafu ni mambo mawili yasiyopatana. Kasoro ni upungufu. Na kosa lina mwenyewe. Haliwezi kutajwa bila ya mtu kuulizwa ni la nani. Mzee wa Maskati alitafuta mdudu kwa siku 12, kwa sababu hakuwa tayari kutafuta kosa.

Alianza nje kabisa. Programu hizi huandika daftari la matukio, faili refu la maandishi ambamo kila kinachotendeka hutiwa saa yake. Asiyelizoea huogopa akilisoma, maana limejaa maonyo yasiyo na madhara: picha isiyoonekana, sauti isiyopatikana, na mengineyo ambayo mchezo huyaruka bila kujikwaa. Mzee alilisoma mstari kwa mstari akiwa na kalamu nyekundu. Kisha akaiamuru programu ijikague yenyewe, ilinganishe kila faili na asili yake na kulibadilisha lililoharibika. Kisha akalipa jina jingine jalada la mipangilio yake, ili mchezo uzinduke kama umewekwa leo, bila desturi zozote za zamani. Kisha akaziondoa nyongeza zote zilizotengenezwa na wapenzi wa mchezo. Baada ya kila hatua aliizindua misheni, akaharakisha saa, akatazama. Boti hazikutoka.

Si kwamba hakuwa na haki ya kuishuku programu. Historia ya simuleta za kivita imejaa bidhaa zilizofika sokoni zikiwa na madonda. Mashuhuri kati yake ni Falcon 4.0, iliyotolewa na kampuni ya MicroProse mwezi wa Desemba 1998. Iliigiza vita vizima katika rasi ya Korea, vita vilivyojiendesha vyenyewe hata rubani alipokuwa amelala, na kitabu chake cha maelezo kilikuwa kinene kiasi cha kufungwa kwa pete za chuma. Ilikuwa kubwa kuliko uwezo wa wakati wake, na ilizimika mikononi mwa wanunuzi. Marekebisho yalitolewa moja baada ya jingine, la mwisho likiwa la Desemba 1999, na kikundi kilichoitengeneza huko Alameda, California, kikavunjwa. Mwezi wa Aprili 2000 maandishi ya ndani ya programu hiyo yalivuja nje ya kampuni. Watu wa kujitolea, ambao hawakuandika hata mstari mmoja wa asili yake, wakaanza kuyasahihisha. Wengine waliendelea kwa zaidi ya miaka 20. Walirithi makosa yasiyokuwa yao wakayafanya kuwa yao.

Mzee alikijua kisa hiki na alipenda kukisimulia. Hakuona bado kinamhusu vipi.

Siku ya tisa aliamua kutafuta ushahidi. Simuleta huhifadhi kumbukumbu ya kila safari, na mzee alitaka kuitazama upya safari ya Ijumaa ile, dakika kwa dakika, ili aone ni wapi mkono wa mwanawe ulipoiharibu. Lakini kumbukumbu hizo si filamu. Hazihifadhi picha ya kilichotokea. Huhifadhi hasa yale marubani waliyoyatenda, kila msukumo wa kijiti na kila swichi, na zinapochezwa programu huirusha safari upya kwa kufuata mikono ileile. Tofauti ndogo ya mwanzo, isiyoonekana, hukua kadiri safari inavyorefuka. Kwa muda wa dakika 40 za mwanzo mzee aliona mambo kama alivyoyakumbuka. Ndege ya mwanawe ilikuwa ubavuni mwake, nyuma kidogo, kama inavyopasa. Haikutoka pale hata mara moja, ingawa hapakuwa na cha kutazama ila maji. Kisha, polepole, mambo yakaanza kupotoka. Ndege ya kijana ikainama mahali ilipopaswa kunyooka, ikateremka, na katika dakika ya 52 ikaingia katika jabali la Musandam na kuwaka moto.

Mzee aliruka kitini. Alijua kwamba haikuwa hivyo. Usiku ule mwanawe alitua Khasab salama, nyuma yake, akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya uchovu. Hata hivyo kioo kilikuwa kikimwonyesha moshi. Shahidi aliyemwita ili amhukumu kijana alikuwa amesema uongo bila ya kukusudia. Alikuwa amekusanya ukweli mdogomdogo, kila mmoja sahihi peke yake, akafika mahali ambapo hakuna aliyewahi kufika. Mzee alizima kompyuta. Usiku huo hakujaribu kitu kingine.

Alipoirudia kazi hiyo aliirudia kama fundi wa pampu. Katika mtambo mkubwa, fundi hatafuti tundu kwa kuutazama mtambo mzima. Hufunga valvu ya katikati, akauliza tundu liko upande huu au ule. Mzee alichukua nakala ya misheni akaifuta nusu: ndege zote, kambi zote, viwanja vyote. Kosa likabaki. Akafuta nusu ya iliyobaki. Kosa likabaki. Akaweka katika kila kifyatuo ujumbe wa kuandikwa kwenye kioo, ili kila sharti linapotimia lijiseme lenyewe: nimetimia. Mwisho wake alikuwa na bahari tupu, meli tano, duara moja na sentensi moja. Hapakuwa na Manchester. Hapakuwa na intaneti wala nyongeza, wala mkono wa mtu mwingine yeyote. Meli zikalipita duara moja baada ya moja, na kioo hakikuandika kitu.

Ndipo alipoisoma sentensi yake.

Katika orodha ya masharti kulikuwa na mawili yanayokaribiana. La kwanza husema: sehemu ya kundi iko ndani ya duara. La pili husema: kundi lote liko ndani ya duara. Mzee alikuwa amechagua la pili, kwa sababu alitaka boti zingoje mpaka msafara wote umefika. Akachukua kalamu. Meli zilifuatana kwa mstari, mita 400 kati ya moja na nyingine. Meli tatu huchukua mita 800 kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, na duara lenye kipenyo cha mita 1,000 huzimeza zote kwa muda mfupi, chini ya nusu dakika, lakini huzimeza. Meli tano huchukua mita 1,600. Hakuna dakika, tangu alfajiri ya dunia ile mpaka magharibi yake, ambayo meli zote tano zingekuwa ndani ya duara kwa pamoja. Ya mwisho ilipokuwa ikiingia, ya kwanza ilikuwa imekwisha kutoka zamani.

Na kwa nini Jumanne boti zilitoka? Mzee aliyatazama mafaili yake. Lililojaribiwa Jumanne lilikuwa na meli tatu. Lililotumwa Alhamisi lilikuwa na tano. Hapo akakumbuka, kama mtu akumbukavyo ndoto, kwamba Jumatano usiku alifungua misheni ili aitazame tu, akauona msafara umepwaya, akaongeza meli mbili kwa ajili ya uzuri. Hakuijaribu tena. Nani hujaribu kitu kwa sababu ya uzuri tu? Alikuwa amemwambia mwanawe kwamba hakugusa kitu, na aliamini alichokisema.

Wahenga walimwonya nyani, na onyo lao lilimtosha mzee kwa usiku huo. Lakini kuna jambo jingine katika sentensi yake ambalo mtu wa lugha hawezi kulipita. Alipochagua maneno "kundi lote", mzee alikuwa akisikia moyoni mwake Kiswahili: wote wamefika. Katika lugha yetu, aliyefika amefika. Kitendo kimekwisha, hali yake imebaki. Bwana arusi anapoambiwa kwamba wageni wote wamefika, haelewi kwamba wageni mia wamesimama kwa pamoja kizingitini. Wa kwanza yuko barazani anakunywa kahawa, wa pili amekwenda kutia udhu, wa mwisho ndio kwanza anavua viatu. Wote wamefika. Mashine haikuwa na elimu hiyo. Kila nukta ilikitazama kizingiti na kuuliza: wote wamo sasa hivi? Hawamo. Na sasa? Hawamo. Ilitii kila neno aliloliandika mzee. Alilolikusudia halikuandikwa, na mashine haina namna ya kulijua.

Binadamu hutusomea kwa hisani. Hujaza tuliyoyaacha, hunyoosha tuliyoyapinda, na mara nyingi hatujui ni kiasi gani cha maana yetu kimetoka kwao. Mfasiri hulijua hili kwa uchungu, kwa sababu hulazimika kuuliza "wote" ni wote kwa wakati gani. Mtunzi wa misheni hulijua anapozitazama boti zake zimelala nyuma ya kisiwa.

Ingekuwa mzaha tu, lau isingekuwa kwamba Ghuba hiyohiyo imekwisha kulipa gharama ya neno lisilopimwa. Wakati wa vita vya mwaka 1991, mitambo ya Kimarekani ya makombora ya Patriot iliwekwa Dhahran, Saudia, kuyazuia makombora ya Iraq. Mtambo ulihesabu saa yake kwa sehemu za kumi za nukta. Sehemu ya kumi, ikiandikwa kwa tarakimu mbili tu za kompyuta, sifuri na moja, haina mwisho, kama vile theluthi isivyokuwa na mwisho katika hesabu yetu ya kawaida. Mtambo ulikata mkia huo ili namba ienee mahali pake. Upungufu wake ulikuwa mdogo usioonekana, lakini ulijilimbikiza kadiri mtambo ulivyokaa bila kuzimwa. Tarehe 21 Februari waliohusika na mtambo huo walipeleka onyo kwamba ukiendeshwa kwa muda mrefu sana unaweza kulikosa shabaha. Hawakusema muda mrefu sana ni saa ngapi. Usiku wa tarehe 25 Februari, mtambo mmoja wa Dhahran ulikuwa umefanya kazi kwa zaidi ya saa 100 mfululizo. Saa yake ilikuwa imepotoka kwa takriban theluthi moja ya nukta, na katika muda huo kombora huenda zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ulitazama mahali pasipokuwa na kitu. Kombora liliangukia kambi ya askari, wakafa 28. Programu iliyosahihishwa ilifika Dhahran siku ya pili yake.

Mzee alikuwa na umri wa miaka 36 wakati ule, na alizisikia habari hizo redioni, kazini, kati ya pampu. Sababu yake aliisoma miaka mingi baadaye. Kilichomkaa kichwani, alipokumbuka tena usiku ule mbele ya meli zake tano, si ile hesabu ya sifuri na moja. Ni maneno "muda mrefu sana". Aliyeyaandika bila shaka aliona ameonya, na walioyasoma waliona wameelewa. Kila upande ulikuwa na urefu wake kichwani, na kati ya urefu huu na ule pakaingia kombora. Mzee alijua kwamba kosa lake halikumuua mtu. Lilikuwa limemtoa mtu mmoja katika orodha ya waliopo.

Siku ya 13 alisahihisha misheni. Kuchagua "sehemu ya kundi" kusingefaa, maana boti zingetoka mara tu meli ya kwanza ikigusa duara. Akalifuta sharti lote akaandika jingine, lililoitaja meli moja tu kwa jina lake, ile ya tano: ikiwa meli ya mwisho imo ndani ya duara. Yule wa mwisho akiingia, wote wamefika. Akaijaribu mara tatu, bila kuharakisha saa.

Kisha akakaa kumwandikia mwanawe, na hapo ndipo palipokuwa na kazi ngumu kuliko zote. Hakuwa na mazoea ya barua za namna hiyo, na baba wa rika lake hawakufundishwa kuomba radhi kwa watoto. Lakini mafundi wa programu wana namna yao ya kutoa taarifa ya kosa, na mzee alikuwa ameizoea: ulifanya nini, ulitarajia nini, kilitokea nini, mwingine afanye nini ili akione kosa kwa macho yake. Taarifa njema haimtukani mtu wala haijitetei. Akaandika kwa utaratibu huo, kwa sababu ndio uliokuwepo.

"Nilichokifanya: Jumatano usiku niliongeza meli mbili, kisha sikuijaribu misheni. Nilichokitarajia: boti zitoke. Kilichotokea: boti hazikutoka, nami nikamlaumu mtu aliyekuwa ubavuni mwangu muda wote. Namna ya kulirudia kosa: mwulize mtu swali huku jawabu umekwisha kulitia moyoni. Mwenye kosa: baba yako. Hali ya kosa: la meli limerekebishwa, nimekuambatanishia faili. Jingine linangoja jawabu lako."

Jawabu halikuja siku hiyo wala siku ya pili. Ijumaa, baada ya Isha, mzee aliingia chumbani, akawasha kompyuta, akakagua swichi zake moja baada ya moja kwa mpango wake. Orodha ya waliopo ilikuwa na jina moja, lake. Akawasha injini. Akatoa breki. Akazirudisha breki, akangoja.

Ilipita robo saa ndipo jina la pili lilipotokea. "Shikamoo Baba," sauti ikasema. "Basi limechelewa."

"Marahaba, mwanangu," akasema mzee. "Mafuta yako kiasi gani?"

Usiku ule meli ya tano ilipoingia katika duara, boti zote sita zilitoka nyuma ya kisiwa kwa pamoja, na mzee, aliyekuwa ameinama kuitazama meli yake ya mwisho ikipita, alitunguliwa katika dakika ya kwanza. Alikaa katika kiti chake kilichochanika, akamsikiliza mwanawe akihesabu boti zilizobaki.